Laptopu imechoka: niitengeneze au nichukue kadogo (netibuku)? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kwangu Kansanga, Kampala, pamoja na mashine zenyewe. Wanaoyauliza ni wanafunzi wa Kampala International University kutoka Kenya na Tanzania, walimu wa Kiswahili wanaoingia mjini wakati wa likizo, wafanyabiashara wa Busia, na ndugu zetu Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanaoishi kwa sola. Wengi hufika wameshaamua kununua. Wanachotafuta ni mtu wa kuwaambia ndiyo. Mimi huanza kwa kuuliza laptopu ya zamani inaumwa nini, maana mara nyingi kilichoharibika ni kifaa kimoja tu, na kifaa hicho kinauzwa.

Netibuku ni nini hasa? Bado zinatengenezwa?

Jina lilianza kuvuma mwaka 2007, Asus ilipotoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja. Mwaka uliofuata Intel ikaleta prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Atom, Acer ikaja na Aspire One, Dell na HP nazo zikafuata, na vioo vikakua hadi inchi 9 na 10. Zilikuwa mashine za kazi ndogo: kusoma barua pepe, kuandika, kupita kwenye intaneti. iPad ikatoka 2010, simu zikapata nguvu, na kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer, waliokuwa vinara wa soko hilo, walikuwa wameachana nazo.

Kwa hiyo ukiuliza netibuku leo Wandegeya au Kampala Road, utaonyeshwa mojawapo ya vitu vinne. Kuna ile ya kale ya Atom iliyobaki stoo. Kuna mpya ya bei ya chini yenye kioo cha inchi 11 na prosesa ya Celeron. Kuna Chromebook, laptopu inayoendeshwa na mfumo wa Google badala ya Windows. Na kuna mtumba wa ofisini wa inchi 12.5, kama ThinkPad X260, Latitude E7270 au EliteBook 820. Vyote ni vidogo, vyote vinaingia kwenye mkoba, lakini tabia zao haziko karibu hata kidogo. Kabla hujauliza bei, jua umeshikishwa kipi.

Fundi, laptopu yangu ina miaka minane na inachukua muda mrefu mno kuwaka. Si imeshakufa?

Hapana. Fanya kipimo hiki: iwashe, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na diski zinatumika kwa kiasi gani. Ukikuta diski imeganda kwenye asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, mhalifu umempata.

Laptopu nyingi za miaka ile zilitoka na diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zinazogeuka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaohama huku na huku kutafuta faili. Windows ya sasa inasoma na kuandika vitu vidogo vidogo bila kupumzika, na mkono ule haufiki kwa wakati. Itoe, weka SSD ya inchi 2.5, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Prosesa ni ileile, kioo ni kilekile, ila mashine itawaka ndani ya nusu dakika na mwenyewe utashangaa. Katika matengenezo yote ninayoyajua, hakuna linalorudisha thamani ya pesa kama hili, na mtu aliyekataa kulifanya kabla ya kwenda dukani huwa namwona amekimbilia mbali bure.

Cha pili ni RAM. Ukiwa na GB 4, ongeza zifike 8. Angalia aina kabla ya kulipa: DDR3 haiingii penye DDR4, na DDR3L hutumia volti ndogo kuliko DDR3 ya kawaida, hivyo mashine nyingine hukataa kuwaka ukichanganya. Cha tatu ni usafi. Vumbi letu jekundu huziba feni, joto linapanda, na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwambie fundi afungue, apulize, abadilishe grisi ya joto juu ya prosesa. Ni kazi ya asubuhi moja.

Betri haikai hata nusu saa. Je?

Hiyo nayo inabadilishwa. Kama unataka kujua imechakaa kiasi gani, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakutengenezea ripoti yenye namba mbili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, tafuta betri nyingine. Jihadhari na zile nyepesi ajabu zinazouzwa kama za kiwandani. Pima ripoti hiyohiyo siku ya kununua, mbele ya muuzaji.

Betri ikiwa imevimba, kibodi imenyanyuka au paneli ya kugusa imegoma kubonyea, zima na uitoe leo. Usiitoboe, usiilaze juani, usiendelee kuichaji eti umalizie kazi.

Ni ugonjwa gani usio na tiba?

Madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya ndani. Ikishapigwa na umeme au kumwagiwa chai, gharama ya kuifufua haina uhakika, na hata ikifufuka huwezi kuiamini. Eneo hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo mvua ikianza kunguruma chomoa chaja ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Bawaba zilizovunjika pamoja na kioo kilichopasuka navyo hunifanya nimshauri mtu aachane nayo, hasa kama mashine ni ya bei ya chini tangu mwanzo. Kipimo changu ni rahisi: jumla ya matengenezo ikipita nusu ya bei ya mtumba mzuri, nunua mtumba. Sitaji shilingi hapa kwa sababu bei za vifaa hivi hupanda na kushuka na dola. Uliza maduka matatu siku hiyohiyo.

Windows 10 imeisha. Hiyo peke yake si sababu ya kununua?

Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida unaofika Oktoba 2026, na unajiunga nao kupitia mipangilio ya masasisho. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel inataka kwa ujumla prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. ThinkPad ya mwaka 2014 haimo kwenye orodha hiyo, hata uibembeleze.

Una njia mbili bila kununua. Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, inafanya kazi vizuri kwenye mashine za GB 4, ni bure, na LibreOffice yake inafungua faili za Word na Excel. Onyo kwa wanaoandika tasnifu: mpangilio wa kurasa unaweza kuhamahama faili likirudi kwenye Word ya msimamizi wako. Njia ya pili ni ChromeOS Flex, bure pia, inayogeuza laptopu ya zamani kuwa kitu kinachofanana na Chromebook, isipokuwa haichukui programu za Android.

Sasa angalia ajabu hii. Watu wanaokimbia laptopu ya Core i5 kwa sababu ya Windows 11 huishia kununua kadogo ka Celeron kenye Windows 11 kanakotembea polepole kuliko ile waliyoiacha.

Nimeona ya Atom ya zamani inauzwa bei ya kutupa. Nichukue?

Usichukue. Atom N270 ya 2008 na wenzake ni prosesa za biti 32, na dunia ya programu imeshawapa mgongo: Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, Ubuntu na Debian nazo zikafuata kila moja kwa wakati wake. RAM yake ni GB 1 au 2. Kioo kina nukta 1024 kwa 600, kifupi kiasi kwamba madirisha mengine ya mipangilio huficha kitufe cha kukubali chini ya ukingo na hukifikii kwa panya.

Kama unataka mashine ya kuandikia tu, bila intaneti, basi sawa, ni taipureta nzuri yenye betri. Mtoto wa shule asipewe hiyo.

Na hizi mpya za Celeron, zenye GB 4 na GB 64?

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu sanduku ni jipya na kioo kinang'aa. Soma mambo mawili kwenye karatasi ya maelezo. La kwanza, RAM imechomelewa kwenye madabodi au inatoka? Ikiwa imechomelewa, GB 4 utakufa nazo. La pili, nafasi ya kuhifadhia ni eMMC au SSD? eMMC ni ya polepole kuliko SSD, nayo huchomelewa pia. Windows yenyewe hula zaidi ya GB 20, masasisho yanataka nafasi ya kujigeuza, na zile za GB 32 zilikuwa zikikwama kabisa kwenye masasisho makubwa kwa kukosa pa kukaa.

Ikiwa kazi yako ni barua, darasa la mtandaoni na kurasa tatu nne kwa wakati mmoja, itakufaa. Ukizoea kufungua kurasa ishirini huku muziki unacheza, itakukasirisha ndani ya wiki ya kwanza. Ukiipata ya GB 8 yenye SSD inayotoka, hapo tunazungumza lugha moja.

Chromebook je? Si inataka intaneti muda wote?

Haitaki muda wote, lakini lazima uiandae. Hati za Google zinaweza kuandikwa bila mtandao ukiwasha mpangilio huo mapema, na programu nyingi za Android zinaingia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Mtu ambaye faili zake zote ziko hewani siku kama hiyo anakaa mikono mitupu.

Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho wa masasisho. Google ilitangaza 2023 kwamba muda huo utafika miaka 10, lakini unahesabiwa tangu mfano ule ulipotoka, si tangu siku uliyolipa wewe. Mtumba unaweza kuwa umebakiza mwaka mmoja. Tarehe hiyo iko kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya mashine, dai uonyeshwe.

Na kuna mtego mkubwa zaidi. Chromebook nyingi za mtumba zimetoka kwenye shule za ng'ambo. Kama shule haikuifuta kwenye mfumo wake, ukiirudisha upya kama ilivyotoka kiwandani itaomba akaunti ya shule, na hapo hakuna fundi wa haki atakayekusaidia.

Ninatumia sola. Ni kweli ndogo itaniokoa?

Hapa ndipo kadogo kanaposhinda bila ubishi. Chukua betri ya sola ya volti 12, Ah 50. Kwa hesabu (volti mara Ah) ina Wh 600, yaani saa-wati, lakini betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, basi una Wh 300 za kutumia. Laptopu ya inchi 15 yenye prosesa ya wati 35, ukijumlisha kioo na diski, inaweza kuvuta wati 40 ikifanya kazi: saa saba na nusu. Ndogo yenye prosesa ya wati 6 huvuta kama 10 kwa jumla: saa thelathini. Na kama inachajiwa kwa USB-C, unaweza kutumia chaja ya gari moja kwa moja kwenye volti 12 na kuiruka inveta, ambayo nayo humeza sehemu yake.

Kwa hiyo mama anayeandika ripoti za kikundi chake Nakivale, mbali na nyaya, mimi namwambia anunue ndogo hata kama kubwa yake bado nzima.

Aliye kwenye umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, asidanganywe na hesabu hiyo. Saa nane za wati 40 ni uniti (kilowati-saa) 0.32, saa nane za wati 10 ni 0.08. Tofauti ni robo ya uniti kwa siku, ambayo pasi ya nguo inaimaliza kwa dakika kumi na tano.

Mimi ni mwanafunzi. Itaniandikia tasnifu?

Kuandika, ndiyo. SPSS, programu ya takwimu, haiingii kwenye Chromebook. AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, itaitesa Celeron ya GB 4 mpaka utaionea huruma. Wa sheria, elimu na maendeleo ya jamii wanaweza kuishi na ndogo. Wa uhandisi na usanifu wasithubutu. Kwa wa biashara, uliza idara inatumia programu gani ya uhasibu kabla ya kununua.

Usisahau vidole. Kibodi ya inchi 10 imebanwa, ya inchi 11.6 inakaribia ya kawaida, ya inchi 12.5 ni ya kawaida kabisa. Andika aya nzima pale dukani, umesimama, muuzaji akikutazama. Kama unakosea kila neno la tatu, jibu umelipata.

Nina duka Busia. Nataka ya EFRIS na hesabu za stoo.

EFRIS ni mfumo wa ankara wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na ankara zake unaweza kuzitoa kupitia tovuti yao, kwa hiyo kivinjari kizuri na bando vinatosha. Ndogo itakufaa. Fikiria tu macho yako: orodha ya bidhaa mia tatu kwenye kioo cha inchi 11 inachosha. Nunua monita ya mtumba uiweke kaunta na uunganishe kwa HDMI.

Mwalimu je?

Mwalimu, kabla ya yote angalia projekta ya shule yako. Nyingi bado zina tundu la VGA, na mashine ndogo za sasa hazina. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, na ukinunue siku hiyohiyo usije ukasimama mbele ya darasa umeshika waya usioingia popote. Alama za wanafunzi kwenye Excel hazina uzito wowote kwa mashine.

Ungekuwa wewe, ungenunua ipi?

Mtumba wa ofisini wa inchi 12.5 wenye prosesa ya kizazi cha sita au cha nane, GB 8 na SSD. Ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, ikabebwa na watu wasiojali, na bado iko. Uzito ni kama kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Prosesa ya i5-6200U ni ya wati 15, si mlafi. Nyingi ukizifungua utakuta SSD inatoka, kwenye kadhaa RAM inatoka, na betri zinapatikana. Kwa Windows 11, tafuta kizazi cha nane. Cha sita ni cha mtu aliyeridhika na Linux.

Nichunguze nini dukani nikichukua mtumba?

Usiichunguze ikiwa imeshawashwa. Izime, iwashe mwenyewe, na uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila, iache hapohapo, kwa sababu kampuni iliyokuwa inaimiliki imeifunga. Ndani ya BIOS ya mashine za ofisini kuna sehemu ya Absolute au Computrace. Ikiwa imewashwa, mwenye mali wa zamani anaweza bado kuiona na kuifunga akiwa mbali. Windows ikikuandikia kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi fulani, uliza maswali zaidi.

Tazama kibodi vizuri. Mitumba ya Ufaransa na Ubelgiji huja na herufi za AZERTY, ya Ujerumani na QWERTZ, na stika za kubandika juu huchubuka haraka. Ndugu kutoka Kongo wengine huifurahia AZERTY, basi hilo ni la mtu na mazoea yake.

Fungua ripoti ya betri niliyoieleza juu. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Washa kamera, piga muziki, fungua ukurasa mweupe uone kama kioo kina madoa, kisha kifungue na kukifunga taratibu ukisikiliza bawaba. Chaja iwe na plagi ya pini tatu za mraba zinazoingia kwenye soketi zetu bila kigeuzi. Mwisho chukua risiti yenye namba ya mashine, si jina la duka tu, maana ukikamatwa nayo njiani usiku risiti hiyo ndiyo msemaji wako.

Yangu haina shida yoyote. Nataka tu iwe nyepesi. Kuna ubaya?

Hakuna. Laptopu ya inchi 15 na chaja yake hukaribia kilo tatu, na anayeibeba kila siku kwenye boda kutoka Namuwongo anajua mgongo wake unasemaje. Ndogo pia haionekani kirahisi kwenye msongamano wa Old Taxi Park. Nunua kwa sababu hiyo, ila usijiambie kwamba unanunua kasi.

Nikishanunua, ya zamani niifanyeje?

Yenye kioo kizima na betri mbovu, iache mezani nyumbani ikiwa imechomekwa, watoto waitumie na Linux Mint. Yenye kioo kibovu, iunganishe na televisheni kwa HDMI. Iliyokufa kabisa, toa RAM na diski. Diski ile ya kuzunguka ukiiweka kwenye kasha la USB inakuwa ghala la picha na nakala za kazi zako.

Ukiiuza, futa kwanza. Kupeleka mafaili kwenye pipa hakufuti; mtu mwenye programu ya bure atayarudisha. Tumia kurudisha upya kwa Windows na uchague kusafisha diski yote, au iuze bila diski kabisa. Mnunuzi ataweka SSD yake, na pengine atakuletea maswali hayahaya kuhusu mashine uliyomwachia.